Binti yangu huiba vitu asivyovihitaji. Ni tabia au ni ugonjwa?

BARUA

Sista, salamu nyingi kutoka Kisumu.

Mimi ni mjane, mama wa watoto watatu, nauza mitumba ya watoto Kibuye. Jumapili ndiyo siku yangu ya soko, na mwizi ndiye adui yangu. Huja wawili: mmoja anauliza bei ya sweta, mwenzake anaingiza suruali mbili kwenye mkoba. Siku hizi nawajua kwa macho tu. Nakwambia haya ujue kwamba wezi siwaonei huruma hata kidogo, na ndiyo sababu jambo hili limenivunja.

Binti yangu wa kwanza ana miaka 21 na anasoma chuo kimoja huko Nakuru. Karo nalipa, hosteli nalipa, na kila Ijumaa namtumia pesa ya matumizi kwa M-Pesa. Halali njaa. Wala si mtoto wa anasa, hajawahi kunisumbua kwa simu ya bei wala nguo za fasheni.

Alipokuja likizo ya Aprili, nilikuwa nafagia chumba chao nikavuta begi lililokuwa chini ya kitanda. Nilidhani ni nguo chafu. Sista, ndani mlikuwa na kufuli nne bila funguo, vijiko vya hoteli, vibanio vya nywele vikiwa bado kwenye kadi zake, soksi za mtoto mchanga, rangi za midomo ambazo hazijafunguliwa, kikokotoo chenye jina la mtu mwingine, vipande vya sabuni, na ndala moja ya mguu wa kushoto. Moja! Nani huiba ndala moja? Vingi bado vina karatasi ya bei.

Nilipomuuliza aliketi sakafuni akalia mpaka akatapika. Anasema haviuzi, havitumii, na hajui hata anaviweka vya nini. Anasema akiwa dukani kuna kitu kinampanda kifuani, viganja vinatoka jasho, anayemsemesha hamsikii, na hakitulii mpaka achukue. Akishachukua anapata nafuu ya dakika chache, kisha anaanza kujichukia. Alianza kidato cha pili kwa kalamu za wenzake. Miaka yote hiyo tumelala nyumba moja nisijue.

Kuna lingine. Mwezi wa pili alishikwa kwenye supamaketi moja huko Nakuru na chupa ya mafuta ya nywele ya shilingi 180. Walimpeleka chumba cha nyuma, wakampiga picha akiwa ameishika ile chupa kifuani, wakamlipisha mara kumi ya bei. Pesa hizo alinidanganya ni za mtihani. Picha anasema wameibandika ukutani, karibu na kaunta ya kuwekea mizigo.

Nimewaambia watu watatu na kila mmoja ana lake. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, anataka nimpeleke kituoni alale seli siku mbili apate adabu, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama mkwe anasema ni jina. Mtoto alipewa jina la nyanya mmoja wa ukoo aliyejulikana kwa kuiba kuku na kwenda kuwauza soko la mbali, na sasa eti yule nyanya amerudi. Mchungaji wetu anasema ni pepo, tuvichome vile vitu uwanjani pa kanisa na mimi nipande mbegu ya shilingi 10,000.

Jirani yangu anayefanya kazi zahanati ndiye aliyeninong'oneza kwamba kuna ugonjwa wa namna hiyo. Nilimuuliza, ni ugonjwa gani huo ambao mtu anajua kabisa anachofanya ni kibaya na bado anakifanya? Hakuwa na jibu.

Mwaka juzi niliona kijana akipigwa Kondele kwa sababu ya simu. Tangu nifungue lile begi, usiku namwona binti yangu pale chini. Nifanye nini, Sista? Ni mgonjwa kweli au ananichezea? Vile vitu nivirudishe au nivitupe? Chuo nikikiambia si watamfukuza?

Mama wa Kibuye, Kisumu

JIBU

Pole sana, mama. Na afadhali umeandika kabla ya kiberiti kuwashwa, maana la kwanza ninalokuambia ni kwamba usichome kitu. Kile kikokotoo kina mwenyewe, na huenda mwenyewe alifanya mtihani wa hesabu akitumia vidole.

Sasa lile swali ulilomuuliza jirani yako. Ndilo zito kuliko yote uliyoandika, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Tukisikia ugonjwa wa akili, wengi wetu tunamwona yule anayetembea katikati ya barabara akizungumza na asiyeonekana. Huyo yupo, ila hayuko peke yake. Yapo magonjwa ambayo mtu anazo akili zake timamu, lake na la mwenzake anayajua, anasoma na kufaulu, lakini kuna kitendo kimoja ambacho breki zake hazikishiki. Anauona ukuta mbele, anakanyaga breki, gari linaenda tu. Ukimwambia "hivi hujui wizi ni dhambi?" unamwambia jambo analojua kuliko wewe, na ndilo linalomtapisha.

Ugonjwa huo unaitwa kleptomania. Usidhani ni neno la juzi la watoto wa mtandaoni. Mwaka 1816 daktari mmoja wa Uswisi, André Matthey, aliandika kuhusu watu wanaoiba vitu wasivyovihitaji, na mwaka 1838 madaktari wa Ufaransa, Esquirol na Marc, wakaueneza kwa jina hili tunalolitumia leo. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuweka katika mwongozo wake wa 1980 pamoja na magonjwa ya kushindwa kuzuia msukumo, na Shirika la Afya Duniani linao kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022.

Ila historia yake ina doa, na afadhali nikuambie mimi kabla shemeji yako hajakuambia kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Karne ile ya 19, maduka makubwa yalipofunguliwa Paris na London, wake za matajiri walianza kukamatwa na riboni na glavu mikononi. Mahakamani wakili akasimama na barua ya daktari: mama huyu haibi, anaugua. Mfanyakazi wa ndani akikamatwa na riboni ileile, yeye alikwenda jela. Kwa hiyo watu wana sababu ya kulishuku jina hili. Lakini dawa ya dhuluma hiyo si kusema ugonjwa haupo. Ni kuhakikisha mtoto wa muuza mitumba anapimwa kwa kipimo kilekile alichopimiwa mke wa tajiri.

Na kipimo chenyewe ni kigumu, nashukuru kwamba ni kigumu. Daktari anataka kuona mtu anayeshindwa tena na tena kuuzuia msukumo wa kuiba vitu ambavyo hana haja navyo wala havimletei pesa. Anataka kusikia kwamba kabla ya tendo kuna mkazo unaopanda, na wakati wa tendo kuna raha au nafuu. Anataka awe na hakika kwamba mtu haibi ili kulipiza kisasi, na hatumwi na sauti anazozisikia peke yake. Mara nyingi wizi huu haupangwi na mtu huwa peke yake, hana genge. Sasa rudi kwenye begi lako. Kufuli bila funguo. Soksi za mtoto mchanga kwa msichana asiye na mtoto. Na ile ndala ya mguu wa kushoto, mama, hiyo imenisemea mengi kuliko vitu vingine vyote, kwa sababu hakuna soko duniani, hata Kibuye, linalonunua ndala moja. Watu wa aina hii hurundika vitu, au huvigawa, na wengine huvirudisha kwa siri. Muulize kwa upole kama amewahi kurudisha kitu usiku. Usishangae akisema ndiyo.

Wale wawili wanaokujia Jumapili si wagonjwa wa kleptomania, na usianze kuwahurumia kwa ajili ya barua hii. Wamepanga, wamegawana kazi, na suruali zako zinauzwa kabla jua halijatua. Ugonjwa wenyewe ni adimu: makadirio ni watu 3 hadi 6 katika kila 1,000. Hata miongoni mwa wanaokamatwa kwa kuiba madukani, wenye ugonjwa huu ni kati ya 4 na 24 katika kila 100, yaani walio wengi wanaiba kwa sababu zile tunazozijua. Wanaogunduliwa kuwa nao huwa wanawake watatu kwa mwanamume mmoja, na mara nyingi huanza katika ujana. Kidato cha pili, ulisema.

Pamoja na hayo yote mimi siwezi kumpima binti yako kupitia barua, na ukimpata mtu anayedai anaweza, usimpe pesa. Kuna mambo mengine yanayofanana na haya ambayo daktari lazima ayaulize. Je, ana vipindi vya kukosa usingizi siku kadhaa huku akiwa na nguvu nyingi, anaongea mbio, anatumia pesa hovyo? Hiyo huenda ikawa habari nyingine kabisa, na dawa yake ni nyingine. Je, anakula sana kisha anajitapisha? Anakunywa pombe hosteli? Ana huzuni isiyoondoka? Kleptomania hupenda kutembea na wenzake: sonona, wasiwasi, matatizo ya kula, ulevi. Ukitibu mmoja ukawaacha wengine, utarudi palepale.

Mama mkwe wako nampa heshima yake, na jina la nyanya lisivunjwe kwa sababu ya begi. Lakini hebu tufikiri naye pamoja. Nyanya aliiba kuku akaenda kuwauza soko la mbali ili asijulikane. Huo ni wizi wenye hesabu: mali, mnunuzi, faida. Mjukuu hana mnunuzi. Hata kama roho ya mtu ingeweza kurudi, hii si kazi ya mkono uleule. Kuna chembe moja tu ya ukweli kwenye maneno ya mama mkwe: katika familia za wenye ugonjwa huu, matatizo ya ulevi na yale ya kurudiarudia vitendo bila kutaka huonekana zaidi kuliko kwa watu wengine. Kwa hiyo akianza tena habari za ukoo, muulize nani alikuwa mlevi na nani alikuwa akifunga mlango mara saba kabla ya kulala. Hayo daktari atataka kuyajua. Wanaochunguza ubongo wanatazama sehemu zinazohusika na tamaa, raha na kujizuia, na kemikali kama dopamini na serotonini. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka mwili, wanaotumia dawa zinazoiga dopamini wameanza kucheza kamari au kununua vitu bila kiasi, na wachache kuiba, watu wazima waliokuwa hawana tabia hiyo maishani mwao. Mtu akiliona hilo kwa macho yake, habari ya pepo inakuwa ngumu kuitetea.

Kuhusu mchungaji nitapita haraka. Maombi hayagongani na hospitali. Binti akitaka kuombewa, aombewe. Lakini kusimamishwa uwanjani pa kanisa mbele ya begi lake ni adhabu ya hadhara kwa jina lingine, na zile 10,000 zitakufaa kwa nauli na dawa.

Shemeji ndiye ninayetaka umsikilize kidogo, kisha umkatalie. Anachosema kuhusu sheria ni kweli kuliko anavyojua. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 275, wizi wa kawaida una kifungo cha hadi miaka 3. Na kifungu cha 12, kinachowakinga wenye ugonjwa wa akili, kinamhusu yule ambaye ugonjwa umemzuia kuelewa anachofanya au kujua kwamba hapaswi kukifanya. Binti yako anaelewa na anajua. Kwa hiyo asidhani karatasi ya daktari ni ngao. Hakimu anaweza kumpata na hatia akiwa na karatasi hiyo mkononi. Inapomsaidia ni wakati wa hukumu, pale hakimu anapoagiza ripoti ya afisa wa urekebishaji wa tabia na kuangalia kama mtu yuko kwenye matibabu, kwa sababu kipindi cha uangalizi nje ya jela kipo katika sheria zetu. Lakini kumlaza seli kwa makusudi ili ajifunze? Atajifunza nini asichokijua? Atatoka na aibu mpya juu ya ile ya zamani, na ugonjwa huu hunenepa kwa aibu. Mtu anajificha, mkazo unapanda, mkono unaenda. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na binti yako ameficha tangu kidato cha pili.

Ninachokiogopa mimi si seli. Umesema mwenyewe uliyoyaona Kondele. Mtu akipiga kelele ya "mwizi!" sokoni au kwenye stendi ya matatu, hakuna atakayeuliza kama kuna ugonjwa, na mtu mzima aliyechukua kibanio cha shilingi ishirini anaweza kufa kabla polisi hawajafika. Kwa hiyo wakati mnasubiri matibabu, kazi ya kwanza ni kupunguza nafasi za mkono kwenda. Kwa miezi hii asiingie supamaketi wala sokoni peke yake. Akienda, aende na mtu anayejua habari hii, na orodha ya vitu vilivyoandikwa, bila mkoba mkubwa, bila koti la mifuko, na atoke mara tu orodha inapokwisha. Kule hosteli amwombe rafiki mmoja amnunulie sabuni na unga. Wapo waliojipiga marufuku ya maduka kwa miaka na kuishi hivyo, ila hayo ni maisha ya kujibana, na ndiyo maana tunataka tiba.

Tiba ipo. Kubwa ni ile ya mazungumzo, inayofundisha mtu kukamata fikra zake kabla hazijawa tendo. Usidhani ni kukaa na kulia mbele ya mshauri. Ina mazoezi. Atapewa daftari aandike kila msukumo: ulikuja saa ngapi, alikuwa wapi, alikuwa amekasirika au ana upweke, ulidumu muda gani. Wengi hugundua kwamba msukumo una saa zake. Labda baada ya kugombana, labda siku moja kabla ya mtihani. Kuna zoezi jingine ambalo atafumba macho na kujiona dukani, mkono unakaribia rafu, kisha badala ya nafuu ajione ameshikwa begani, apelekwe chumba cha nyuma, simu ipigwe Kibuye. Atalirudia mpaka picha ya mkono na picha ya aibu zishikane zisiachane. Na baadaye, akiwa tayari, ataingia dukani kweli na mtu wa kumsindikiza, msukumo upande, asichukue, asimame palepale mpaka ushuke wenyewe. Hilo ndilo asilowahi kuliona katika miaka yote hii, kwamba hushuka hata usipochukua.

Kuna dawa pia. Ile yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine ni naltreksoni, dawa ambayo madaktari huwapa watu wanaoacha pombe. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliochapishwa 2009, watu 25 wenye kleptomania walifuatiliwa kwa wiki 8. Waliopewa naltreksoni walipungukiwa na msukumo na wizi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Watu 25 si wengi, nakubali, lakini ni zaidi ya shilingi elfu kumi za mbegu. Dawa hii haitafutwi kwa mwenye duka la dawa. Ini lipimwe kwanza, na asiinywe mtu anayetumia dawa kali za maumivu kama tramadoli, mofini au nyingine za kundi hilo. Dawa za sonona nazo husaidia ikiwa sonona ipo. Kwa wizi wenyewe, ile inayoitwa esitalopramu ilijaribiwa 2007 na haikushinda vidonge vitupu. Nimeyaandika haya kwa kirefu ili mkiandikiwa dawa mwulize inatibu lipi kati ya mambo yake.

Mahali pa kwenda mnapo pande zote mbili. Akiwa nyumbani, nendeni kliniki ya afya ya akili pale Jaramogi Oginga Odinga, hospitali ambayo watu wa rika langu bado tunaiita Russia. Akirudi chuoni, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ile ya PGH, iko karibu naye, na kwa kuwa matibabu haya ni ya miezi na si ya siku moja, naona afadhali afunguliwe faili Nakuru anakoishi zaidi. Kama mnataka mahali pa tatu, Moi ya Eldoret ina idara ya akili.

Sasa vitu. Virudi, lakini kwa mpangilio. Vya watu vitangulie vya maduka, kwa sababu mwenye kikokotoo ana pengo analoliona kila siku. Kile chenye jina akirudishe mwenyewe kwa mkono wake, akiwa na maneno machache tu: "Nilichukua hiki, nisamehe, hiki hapa." Hana haja ya kueleza ugonjwa mlangoni pa hosteli. Vya hoteli na vya dukani ni hatari zaidi, maana kuvirudisha ni kukiri, na mwenye duka ana haki ya kumwita polisi. Hapo nenda wewe, au mtu mzima mnayemwamini, zungumza na meneja peke yenu, lipa. Kama kuna duka ambalo vitu ni vingi, muulize wakili kwanza. Visivyojulikana vilikotoka vipewe nyumba ya watoto, na pesa ya kulipia vya maduka itoke kwenye matumizi yake ya Ijumaa, kidogo kidogo, si kwako. Ugonjwa hauondoi deni.

Pale kwenye supamaketi iliyombandika ukutani, alishalipa mara kumi, na aliyelipa hana sababu ya kuendelea kuning'inia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihusu picha pia, na malalamiko hupokelewa na Kamishna wa Data. Binafsi ningemwomba meneja kwanza, kwa heshima, na ningeongeza kwamba binti hataingia tena dukani mwake. Wengi watakubali hilo haraka kuliko barua ya wakili.

Chuo usikiambie bado. Mwambie mshauri nasaha wa chuo, kama yupo, kwa sababu kazi yake ni kutunza siri, lakini ofisi ya nidhamu isubiri mpaka mkononi kuna maandishi ya daktari. Na binti ana miaka 21; anayeamua nani aambiwe ni yeye. Wewe tayari umewaambia watatu, na jirani wa nne. Wanatosha.

Jambo moja limenikaa rohoni tangu nisome barua yako, lile la kujichukia. Watu wenye ugonjwa huu hufikia kutaka kufa mara nyingi kuliko tunavyodhani, hasa baada ya kugunduliwa. Muulize leo, kwa maneno ya wazi: umewahi kufikiria kujiua? Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za panya na vidonge karibu naye, na mkimbilie hospitali bila kungoja siku ya kliniki. Simu ya ushauri ya Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo. Na asiogope kusema ukweli mbele ya daktari. Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Kliniki msimpeleke mkiwa msafara, shemeji mbele na mchungaji nyuma. Nendeni wawili, wewe na yeye. Beba kitambulisho chake, hakikisha ameandikishwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, na andikeni nyumbani dawa zozote anazotumia na mwaka wizi ulipoanza, kwa maana mbele ya daktari mtasahau. Begi libaki nyumbani. Mwache aseme mwenyewe, hata akikawia, hata akilia. Na daktari akikuomba utoke nje kidogo, mama, toka.

Sista